Umeona, Umeambiwa, au Wadhani?

Jumatatu moja asubuhi tulifika shuleni tukakuta tangi halina hata tone. Mfereji ulio karibu na darasa langu ulikuwa wazi, na mchanga wa uwanjani umelowa mpaka kwenye shina la mwarobaini. Asiyeishi Amu, yaani mji wa Lamu, huenda asione uzito wa jambo hili. Maji matamu ya mji wetu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ndiyo iyajazayo, na mji mzima wayategemea hayo hayo. Shuleni kwetu huja kwa mgao. Tangi likimwagika, watoto wanashinda na kiu na vyoo havisafishiki.

Nikauliza darasani ni nani aliyeacha mfereji wazi. Vidole vikanyooka kwa pamoja kumwelekea kijana mmoja wa dawati la nyuma. "Ni yeye, mwalimu." Kwa nini yeye? "Kwa sababu yeye ndiye apendaye kuchezea maji." "Kwa sababu hata juzi alimmwagia mwenzake." "Kwa sababu kila mtu ajua." Kijana akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Si mimi." Basi. Nami nikaona kule kuinamisha kichwa ndiko kukiri kwenyewe. Nikamwamuru achukue mtungi akateke maji kwa jirani, safari baada ya safari, mpaka ndoo za chooni zikajaa. Alikuwa na miaka 10, na mtungi ule wa lita 20 alikuwa akiuburura zaidi kuliko kuubeba.

Alasiri nilikaa kujumlisha rejista ya wiki iliyopita. Siku ya Ijumaa, mbele ya jina lake, palikuwa na alama ya kutokuwepo, niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Alikuwa amekwenda Matondoni na babake kwenye mazishi. Nilimwendea mlinzi, naye akanieleza jambo ambalo ningelijua asubuhi ile ile kama ningeuliza: Ijumaa kutwa hapakuwa na maji. Watoto walikuwa wakiufungua mfereji ule, mtoto mmoja baada ya mwingine, wakiukuta mkavu, wakienda zao. Wa mwisho hakuufunga. Maji yakaja Jumapili usiku, yakaingia juu na kutokea chini, watu wamelala.

Kumbe hapakuwa na aliyemwaga maji. Palikuwa na mfereji mkavu, mikono mingi, na mwalimu aliyekuwa na ushahidi kwenye droo ya meza yake lakini asiifungue.

Siku ya pili nilisimama mbele ya darasa na rejista mkononi, nikamwita yule kijana mbele, nikawasomea wote mstari ule, nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Akanitazama, akatazama wenzake, akasema, "Haidhuru, mwalimu." Mimi iliniadhiri sana. Usiku ule sikulala, si kwa sababu ya maji. Nilikuwa nikifundisha hoja na sababu kwa miaka 14, na watoto wangu 43 walikuwa wamenipa sababu tatu zisizo na mguu, nami nikazipokea zote.

Kwa hiyo nilianza kuuliza ni nini hasa nilichokuwa nikikifundisha. Nilikuwa nikifundisha mapambo. Miaka mingi tuliandaa watoto kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, na insha yake ya Kiswahili ilikuwa na alama 40. Sote tulijua cha kufanya ili mtoto apate 35 na zaidi: aanze na "Wahenga hawakukosea walipolonga," atie methali, atie tashbihi, amalizie kwa methali nyingine. Ikiwa mada ni kupinga jambo, aandike "kwanza, pili, tatu," na kila aya ianze na "kwa sababu". Hakuna aliyemuuliza mtoto: hao wahenga walijuaje? Na je, methali uliyoitia inahusu jambo hili au imeketi tu?

Naipenda methali, na sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini ukiisikiliza kwa makini utaona kwamba baadhi hutufundisha kudai ushahidi na nyingine hutufundisha kuusamehe. "Dalili ya mvua ni mawingu" humwelekeza mtoto atazame juu. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja" humwambia asitazame popote. Siku ile ya mfereji darasa zima lilikuwa limesimama juu ya hii ya pili.

Mtaala mpya, ulioanza kote nchini 2019, unataja kuwaza kwa kina na kutatua matatizo kuwa miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Ni maneno mazuri. Lakini mtaala haukuambii uanzie wapi na watoto wa Gredi ya Tano wenye njaa saa tano na nusu.

Mimi nilianzia darini. Darasa letu ni la mabati, ila watoto wengi wa mjini hulala chini ya dari la boriti za mkoko, na wote wajua kwamba chumba cha nyumba ya mawe hakizidi upana fulani kwa sababu boriti haziendi mbali zaidi ya hapo. Nikachora nyumba ubaoni. Dari, nikasema, ndilo dai lako, lile unalotaka watu wakae chini yake. Boriti ni sababu. Na boriti yakaa juu ya nini? "Juu ya ukuta, mwalimu." Ukuta ndio ushahidi. Kisha nikachora boriti moja inayoelea hewani, haikugusa ukuta huku wala huku. Wakacheka. Binti mmoja akasema, "Hiyo itamwangukia mtu." Nikamwambia kwamba Jumatatu ile ilimwangukia mtu kweli, na kila mmoja akageuka kutazama dawati la nyuma.

Tangu siku hiyo sababu isiyo na ushahidi tunaiita boriti ya hewani. Mtoto akisema "punda ni bora kwa sababu ni mzuri," utasikia nusu ya darasa wakiinua macho juu.

Mada ya kwanza tuliyoijenga ilikuwa ya bodaboda. Nilikulia Amu ya miguu na punda. Leo pikipiki zimeingia, na kila nyumba ina maneno yake juu ya jambo hilo. Nikaandika: "Pikipiki zisiingie ndani ya mji wa kale." Wakagawanyika. Sababu zikamwagika kama dagaa. Zina kelele. Zina moshi. Zagonga watoto. Vichochoro ni vyembamba. UNESCO itatunyang'anya cheo cha urithi wa dunia. Nikawaambia wachague moja moja, waende nazo nyumbani, kesho kila mtu aje na ukuta wa boriti yake.

Kesho yake akasimama kijana mdogo wa mwili, ambaye husema mara moja kwa wiki. "Mwalimu, vichochoro ni vyembamba. Mimi yana nilisimama kwenye ndia ya nyuma ya nyumba yetu, nikanyosha mikono." Akanyosha mikono yake yote miwili pale mbele, vidole vimefunguka kama mabawa. "Mkono huu waugusa ukuta, na huu waugusa ukuta. Kisha akaja punda ana shogi mbili za mchanga, nikabandika mgongo ukutani, na shogi ikanigusa tumbo." Akatuonyesha alama ya vumbi la mchanga kwenye shati, ambalo kwa bahati mamake hakuwahi kulifua. Nikamtaka apime mikono yake kwa rula ya mita moja. Ikawa mita moja na sentimita 37.

Sijawahi kufundisha somo zuri kuliko zile dakika tatu. Jana yake "vichochoro ni vyembamba" ilikuwa ni kauli ambayo mtu yeyote angeweza kuisema. Sasa ilikuwa na shati lenye vumbi na namba. Na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mtoto wa upande wa pili alisimama na kusema, "Huo ni ushahidi wa ndia yenu. Ndia kuu ni pana." Akaenda kuipima naye.

Upande wa kuunga mkono pikipiki ulikuwa na binti aliyesimulia jinsi dada yake alivyoshikwa na uchungu usiku, akapakiwa kwenye pikipiki, akafika hospitali akajifungua salama. Darasa likanyamaza. Nani apinge dada wa mtu? Hapo nilijifunza kwenda polepole. Nikauliza: kisa hiki ni cha kweli? Ni cha kweli, tumemwona mtoto mwenyewe. Chathibitisha nini? Kwamba pikipiki yaweza kuokoa mtu usiku. Chathibitisha kwamba zipite kila mahali mchana kutwa? Wakafikiri. Binti mwenyewe ndiye aliyejibu, hapana, chathibitisha cha wagonjwa tu. Kisha akapendekeza kwamba ya mgonjwa iruhusiwe. Hakunyang'anywa kisa chake, ila kilikaa mahali pake.

UNESCO nayo ikapimwa. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Hilo tulilikuta limeandikwa, tukalikubali. Lakini kwamba pikipiki zitatunyang'anya cheo? "Nani kasema?" "Mjomba." "Mjomba kasikia wapi?" "Barazani." Tukaiacha pembeni na alama ya kuuliza. Haikufutwa wala haikukubaliwa.

Jambo jingine nililolibadilisha ni mdahalo wenyewe. Ule wa zamani tunaujua: watetezi huku, wapinzani huku, mwenyekiti na kengele, na mwisho tunapima makofi. Makofi humpata mwenye sauti na mwenye kuchekesha. Mtoto akitoka pale amejifunza kutoshindwa, na hiyo ni elimu nyingine kabisa. Sasa nasogeza madawati. Anayekubali anasimama upande wa dirisha, anayekataa upande wa mlango, na asiyejua anabaki katikati bila aibu. Wakati wowote, ukisikia neno lililokugeuza, unatembea. Nami namuuliza aliyetembea swali moja: ni neno gani lililokuhamisha? Mwanzo walihama kwa kufuata marafiki. Nikiwauliza neno, hawana. Baada ya wiki kadhaa wakaanza kusema: "Zile sentimita, mwalimu."

Kisha kukaja la nyumbani, na hili lilinipa hofu kuliko yote.

Bibi mmoja alikuja shuleni, buibui limemkaa vyema, akakataa kiti. "Mwalimu, mjukuu wangu mmemfanyani?" Nikamwamkia, nikamuuliza kulikoni. "Babuye kasema barazani kwamba kesho mkondo wa Mkanda hautapitika adhuhuri. Wageni wapo, kahawa ipo. Huyu mtoto kasimama kamwambia, 'Umejuaje?' Umejuaje! Mtu kaendesha majahazi tangu hajaota ndevu!"

Nilimwomba radhi, na nilikuwa namaanisha. Nilikuwa nimewapa watoto kisu bila kuwafundisha kushika mpini. Kwetu mtoto hamkatizi mkubwa, na naamini ni jambo jema. Sitaki kulea watoto wanaojua kuhoji na hawajui kuheshimu. Nikamuuliza bibi kama naweza kwenda kumtaka radhi babu mwenyewe.

Nilimkuta barazani kwake, anashona wavu. Nikaeleza kosa langu. Akaniacha nimalize, akavuta uzi, akasema, "Mwalimu, yule mtoto hakukosa kuuliza. Kakosa namna. Baharini nikimwamini baharia bila kumuuliza kaona wapi, tutakufa sote. Lakini kuna kuuliza, na kuna kumtia mtu kidole jichoni." Kisha akanipa maneno ambayo leo yako juu ya ubao wangu, yameandikwa kwa rangi. Alisema nahodha ana mambo matatu kichwani: lile aliloliona, lile aliloambiwa, na lile analolidhani. Yote matatu anayahitaji. Akiyachanganya, chombo kitapanda fungu.

Nikamwomba aje darasani. Akaja Alhamisi, kofia yake ya viua, fimbo mkononi. Watoto wakamwamkia mmoja mmoja. Mjukuu wake alisimama, na tulikuwa tumefanya mazoezi siku mbili, akasema, "Babu, tunaomba utufahamishe na sisi tujue. Ulitambuaje kwamba Mkanda hautapitika?" Mzee akatabasamu mpaka nikaona pengo.

Aliwaeleza kwamba ule mkondo kati ya kisiwa cha Manda na bara una maji haba, na maji yakipwa chombo hukaa juu ya matope. Mwezi ukiandama na mwezi ukitimia, maji huwa bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. "Haya nimeyaona miaka yote." Kisha akasema kila siku maji huchelewa karibu saa moja, ikosayo dakika kidogo, kwa hiyo akijua ya leo ajua ya kesho. Akasema pia kwamba zamani Mkanda ulikuwa na kina zaidi. "Hilo nimeambiwa na babangu." Na kwamba kusi la mwaka huu litachelewa kuingia? "Hilo nadhani tu. Msije mkalitia daftarini."

Hawakuliandika. Lakini lile la saa walitaka kulijaribu. Siku tano, watoto wanne wanaokaa karibu na gati, pamoja na mzazi wa mmoja wao, walikwenda na chaki na saa ya simu kuandika maji yalipofika juu kabisa kwenye ngazi. Tarakimu zao hazikuwa safi. Mawimbi ya mashua zenye mashine yaliwasumbua, na siku moja mmoja aliona mapema, mwenzake akaona baadaye. Tukapiga hesabu ya wastani hata hivyo. Yalichelewa kama dakika 50 kwa siku. Mjukuu alikimbia na daftari kwa babuye kabla sijamruhusu kutoka.

Nilipoona namna "nimeambiwa" ilivyowakaa, nikagundua kwamba nusu ya kazi tayari ilikuwa imefanywa mahali pengine, na mimi miaka yote sikuitazama. Watoto hawa alasiri huenda madrasa. Huko hufundishwa kwamba hadithi haipokewi hivi hivi. Huulizwa sanadi, yaani nani kaipokea kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka ifike kwa aliyeisikia. Maimamu wa hadithi walichunguza kila msimulizi: alikuwa mkweli? kumbukumbu yake nzuri? alikutana kweli na huyo anayesema kamsikia? Mtoto wa miaka 11 wa Amu hulijua hili kwa moyo, kisha huingia nyumbani, akasikia sauti kwenye WhatsApp ikisema shule zote zafungwa kesho, akaamini kabla haijaisha. Nilizungumza na mwalimu wa madrasa, tukakubaliana kulisema huku na huku, kila mmoja kwa lugha yake. Sasa ujumbe wa namna hiyo ukija, wao wenyewe husema, "Mwalimu, huu hauna sanadi." Nautafuta mwanzo wake pamoja nao, na mara nyingi tunakwama kwa mtu wa pili.

Hapa nataka kuingiza somo la sarafu, kwa sababu ndilo lililowapeleka mbali kuliko nilivyotarajia.

Mwaka 2013 wataalamu wa mambo ya kale, wakiongozwa na Mkenya Chapurukha Kusimba na Sloan Williams wa Marekani, walitangaza kwamba wamechimbua Manda sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424. Ni kisahani cha shaba na fedha chenye tundu la mraba katikati. Nilikata vya karatasi ngumu, nikatoboa tundu, nikampa kila mtoto kimoja. Manda tunaiona kutoka dirishani. Ndiko uliko uwanja wa ndege. Nikawauliza: kitu hiki chathibitisha nini?

"Wachina walifika Manda!" Darasa karibu lote likahamia dirishani. Nami nikawaongezea kwamba mfalme huyo ndiye aliyemtuma amiri Zheng He na merikebu kubwa, safari zilizoanza 1405 na kuendelea, hata baada ya kufa kwake, hadi 1433, na kwamba mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China. Wakashangilia. Ikawa kama kesi imekwisha.

Aliyebaki katikati alikuwa binti mmoja wa Faza, anayekaa na shangazi yake hapa mjini. Akainua kile kisahani. "Mwalimu, simu ya shangazi imeandikwa imetengenezwa China. Na Mchina hajafika kwetu." Kimya. Kisha akamalizia, "Mtu yeyote anaweza kuileta sarafu. Hata Mwarabu. Hata Mhindi."

Watoto kumi na kitu wakaanza kutembea kutoka dirishani. Nikauliza ni neno gani lililowahamisha, wakajibu pamoja, simu ya shangazi.

Tuliishia hapa: sarafu yathibitisha kwamba sarafu ilifika. Yathibitisha kwamba watu wa Manda walikuwa katika njia ya biashara iliyogusa China, kwa mkono mmoja au kwa mikono kumi. Nani aliyeiweka pale, yenyewe haisemi. Kuna wanaosema jina la Shanga, magofu yale ya kisiwa cha Pate, latokana na Shanghai. Kijana mmoja akauliza kama ushanga wa shingoni nao umetoka Shanghai. Kufanana kwa sauti, tukakubaliana, ni boriti nyembamba mno. Na zipo familia za Pate zinazosimulia kwamba mababu wao ni mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa chombo. Hapo niliwataka watoto washushe sauti. Simulizi ya mtu kuhusu babu yake huichezei. Ni "nimeambiwa", na nimeambiwa ni ushahidi, una thamani yake. Huulizwa kwa adabu na hutafutiwa mwenzake.

Mara nyingine mambo makubwa ya watu wazima huingia darasani yenyewe. Wazazi wa baadhi yao walikuwa katika vita vya kuupinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, uliopangwa kujengwa Kwasasi. Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni yake. Watoto walikuwa na hakika kwamba sababu ilikuwa moshi, samaki na mikoko, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosemwa nyumbani. Wakashangaa kusikia kwamba mojawapo ya sababu kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kabla leseni haijatolewa. "Kwa hiyo walishinda kwa kuwa hawakuulizwa?" Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Nililiona jambo hilo likiwaingia: kwamba sababu unayoipenda wewe si lazima iwe ndiyo inayobeba dari.

Si kila kitu kimekwenda vizuri. Wapo watoto wawili watatu wanaotumia "ushahidi uko wapi?" kama kiboko, hasa kwa wenzao wasiojua kusema. Niliweka sharti kwamba anayeuliza ushahidi lazima kwanza arudie hoja ya mwenzake kwa maneno ambayo mwenzake atayakubali. Limepunguza ukali, halijaumaliza. Wasichana wakubwa bado hunyamaza wavulana wakiwa wengi katikati, kwa hiyo siku nyingine hatusemi kabisa: kila mtu anaandika dai, boriti na ukuta kwenye karatasi, nami nazisoma bila majina. Karatasi mbili kati ya tatu nzuri kabisa huwa za wale wasiofungua kinywa. Na wadogo wa Gredi ya Kwanza, ambao huwa nawashika mwenzangu akiwa hayupo, hawahitaji maneno yote haya. Nawaonyesha nyayo mchangani nawauliza ni nani kapita hapa, na mmejuaje. Kuku, paka, mtu mwenye kandambili moja iliyokatika. Wanaweza kukaa hapo nusu saa.

Muhula uliopita kijana wa mfereji alikuwa Gredi ya Sita. Amerefuka, sauti yaanza kuvunjika. Mpira wa shule, uliotolewa na mzazi mmoja, ulipatikana umechanwa kwa kitu chenye ncha, nyuma ya vyoo. Watoto wakaja mbio na jina mdomoni, jina la mtoto wa Gredi ya Nne, mtundu kweli, niliyewahi kumkemea mara nyingi. Walikuwa zaidi ya ishirini, wote wanasema kwa pamoja. Yule mtoto alikuwa ameinamisha kichwa.

Kijana akapita katikati yao, akasimama mbele yangu. "Mwalimu, tuangalie rejista kwanza."

Nikamwomba mwalimu wa Gredi ya Nne rejista yake, nikaifungua mbele ya wote, nikaweka kidole kwenye mstari wa Jumanne. Mtoto alikuwepo. Alikuwepo asubuhi na alasiri. Wenzake wakaanza kuvuma, "Si mwaona!" Kijana akanitazama, nikamtazama.

"Alikuwepo," akasema. "Hata sisi tulikuwepo." Akamgeukia mtoto, akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa, akamuuliza taratibu alikuwa wapi wakati wa mapumziko, na nani alikuwa naye. Nikavuta benchi, nikawaambia wote wakae chini.